Maziwa ya njiti: kurutubisha bila kulitesa tumbo

Miaka yangu ya mwanzo wodini niliogopa mabaki. Nikivuta mrija wa kulishia nikakuta mililita 3 za mlo uliopita, nasimamisha kila kitu. Kuna njiti mmoja, aliyezaliwa mimba ikiwa na wiki 29, nilimnyima milo minne mfululizo namna hiyo. Tumbo lake lilikuwa laini, kalala kwa raha zake. Utumbo wake ulikwenda polepole tu, kama ilivyo kawaida kwa umri ule. Kesho yake mizani ikanisuta. Siku hizi sivuti mabaki kwa mazoea. Namtazama mtoto.

Maziwa ya mama hayana mpinzani, ila njiti wa chini ya gramu 1500 anahitaji protini, kalsiamu na fosforasi zaidi ya yale anayopata kwa ujazo mdogo anaoweza kuubeba. Mililita 100 zina kama kilokalori 67. Zikirutubishwa kwa kirutubishi, yaani unga wa pakiti unaoongezwa kwenye maziwa ya mama, hufika 80 hivi.

Usianze kurutubisha siku ya kwanza. Ngoja afikie kiwango cha maziwa alichoweka daktari. Kwetu ni mililita 100 kwa kilo kwa siku. Mtoto wa gramu 1200 atapata mililita 120, yaani 10 kila baada ya saa 2.

Kuchanganya ndiko kunakokosewa. Soma pakiti yako, hazifanani. Ikiwa moja ni ya mililita 25, usiigawe kwa macho ili itoshe mlo wa mililita 10. Pima mililita 50, tia pakiti mbili, koroga taratibu hadi unga uyeyuke, weka kwenye friji, chota mlo mmoja mmoja. Maziwa yaliyorutubishwa yakikaa, wanga wake huvunjika na ukolezi hupanda, tumbo changa haliupendi. Changanya machache, na yaliyopita saa 24 mwaga, hata moyo ukiuma. (Utauma. Mama amekamua usiku kucha.) Pasha kwa maji ya uvuguvugu, kamwe si kwa maikrowevu.

Mtoto aliye kwenye mashine ya kusukuma hewa puani humeza hewa. Tumbo hupanda, lakini ukiligusa ni laini. Toa hewa kwa mrija, mlaze kifudifudi au umweke kifuani kwa mama, endelea kumlisha. Akicheua maziwa meupe kidogo, acha mlo ushuke wenyewe, usisukume bomba la sindano.

Matapishi ya kijani, damu kwenye choo, tumbo gumu linalong'aa, au mtoto analegea na kusitasita kupumua: simamisha, mwite daktari papo hapo, usingoje raundi. Huenda utumbo umeanza kufa.

Tumbo likitulia na daktari akaruhusu, rudi na maziwa matupu ya mama kwanza; kirutubishi kifuate baadaye. Pima uzito kila siku kwa mizani ileile. Natafuta ongezeko la gramu 15 hadi 20 kwa kila kilo. Kwa huyu wetu wa 1200, ni gramu 18 hadi 24.