Somo: Kujaribu tabaka la pedi kwa mwani wa kotonii

Assalaam aleikum wapendwa. Tangu kilimo cha mwani kianze Unguja mwaka 1989 tunauanika na kuuuza mkavu. Leo tuujaribu ule wa aina ya kotonii kama tabaka la kunyonya ndani ya pedi ya hedhi. Sampuli hii ni ya mezani tu, asiivae mtu.

1. Osha gramu 50 za mwani mkavu, loweka usiku kucha, badilisha maji hadi chumvi na mchanga viishe.

2. Chemsha kwa lita moja na nusu ya maji, moto mdogo, saa nzima. Chuja ungali moto; rojo likipoa tu linaganda. Koroga humo nusu kijiko cha chai cha potasiamu kloraidi, chumvi inayokaza rojo.

3. Mimina kwenye sinia, unene wa nusu sentimita. Weka kwenye friza usiku mzima, kisha acha liyeyuke juu ya kitambaa. Maji yatajitoa, vitabaki vitundu vya kunyonyea. Anika kivulini, chini ya chandarua.

4. Hapa tulieni. Wengi hupima unyonyaji kwa maji ya bomba wakafurahi bure. Damu ina chumvi, na chumvi hupunguza kuvimba kwa rojo. Yeyusha gramu 9 za chumvi katika lita moja, pasha hadi nyuzi 37. Pima uzito wa kipande kikavu, kizamishe humo dakika 10, ning'iniza dakika moja, pima tena. Kisha kilaze juu ya tishu, ukikandamize kwa uzito wa kilo moja. Tishu ikiloa, na nguo italoa. Andika namba zote, hata zisizopendeza.

Swali: Huku tunalima mwani wa aina nyingine, spinosamu. Haufai?
Jibu: Shoga, najua kotonii hufa maji yakipata joto, ndiyo maana wengi wameuacha. Ila rojo la spinosamu ni laini, halitoi maji likitoka kwenye friza, basi vitundu havipatikani kwa njia hii.

Swali: Changu kimekuwa uji!
Jibu: Ulitia potasiamu? Bila hiyo rojo hulegea kwenye joto la mwili.

Swali: Na sponji za baharini zinazofugwa Jambiani, naweza kuzitumia ndani ya mwili wakati wa hedhi?
Jibu: Hapana, mdogo wangu. Vitundu vyake huficha mchanga na bakteria, na sumu ya bakteria aina ya stafilokokasi huweza kuua. Marekani sponji ya hedhi imewekwa kundi la vifaa vyenye hatari kubwa. Hata tabaka letu hili, kabla halijagusa mwili wa mtu, lipite maabara na TBS, shirika la viwango la Tanzania, au ZBS, taasisi ya viwango ya Zanzibar.