Nguo za ofisini kutoka mtumbani: anzia mabegani

Mwenye kipato kidogo asikimbilie suti mpya ya bei rahisi. Polista nyembamba hung'aa makalioni na magotini baada ya kupigwa pasi mara chache, na mishono hufumuka. Ukienda Karume au Manzese, Dar es Salaam, au Gikomba kwa walioko Nairobi, unaweza kupata koti la sufu lililoshonwa vizuri na bado ukabaki na hela ya fundi. Hela hiyo itenge kabla hujatoka nyumbani, theluthi ya bajeti nzima, kwa sababu nguo ya mtumba haijawa yako mpaka fundi aipitie.

Lenga mashati matano, suruali tatu (nyeusi, bluu iliyokoza, kijivu), koti moja na viatu jozi mbili. Kila shati likikubali kila suruali, una mavazi 15. Anayependa sketi aweke sketi mbili mahali pa suruali mbili. Hesabu ni ileile.

Nenda asubuhi, wakati mabelo yanafunguliwa, ukiwa umevaa fulana nyepesi ili ujaribu palepale. Kitu cha kwanza ni mabega. Mshono wa bega uishie pale mfupa unapoishia. Ukining'inia chini ya hapo, rudisha nguo hata kama ni nzuri kiasi gani: kurekebisha bega ni kufumua mkono mzima, na wengi huharibu. Kiuno, urefu wa mikono na pindo la suruali si tatizo. Geuza suruali ndani nje utazame mshono wa nyuma. Ukikuta kitambaa cha ziada cha sentimita 2 au 3, kiuno kinaweza kuongezwa.

Koti lichunguze kifuani. Finya kitambaa cha nje na bitana (kitambaa cha ndani), uvitenganishe kwa vidole uone kama cha nje kimegandishwa. Makoti mengi yamegandishwa kwa gundi ndani, na yakifuliwa kwa maji gundi huachia, kifua kikafanya mapovu yasiyonyooshwa na pasi yoyote. Ukiyaona mapovu, liache.

Kwenye shati tazama kwapa na kola. Kola iliyochakaa kwenye mkunjo, fundi huifumua akaigeuza, upande usiochakaa ukaja juu. Njano ya kwapani ni ngumu. Usiimwagie dawa ya klorini, mara nyingi huzidi. Kama una shaka na kitambaa, ukishanunua chomoa uzi kwenye pindo la ndani uuchome: pamba hunuka karatasi iliyoungua, sufu hunuka nywele, polista huyeyuka ikaacha kidonge kigumu.

Nguo za ndani nunua mpya. Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lenyewe limekataza nguo za ndani za mtumba.

Ukifika nyumbani, fua mashati kabla ya kumpelekea fundi, maana pamba inaweza kusinyaa. Sufu ifunike kwa kitambaa kibichi cha pamba ndipo upige pasi, isipate mng'ao. Pwani kuna unyevu, kwa hiyo koti lisifungiwe kwenye mfuko wa plastiki; ukungu utaliwahi.

Viatu vina mtego wake. Soli nyepesi kama sponji iliyokaa miaka stoo huliwa na unyevu kwa ndani huku ngozi ya juu ikimeta. Ikunje soli, kisha ibonyeze kwa ukucha. Ikimeguka kama keki, au ukucha ukiacha shimo lisilorudi, itaachia njiani muda si mrefu. Chagua soli iliyoshonwa, ambayo fundi viatu anaweza kuibadilisha.