Jinsi ya kuwaangalia kima punju Jozani ukaelewa wanavyokula na wanavyolea

Watu wengi wakifika msitu wa Jozani, Unguja, wanapiga picha mbili tatu halafu wanarudi garini, na hapo ndo wanakosa utamu wenyewe. Kima punju, yule kima mwekundu wa Zanzibar, asili yake ni Unguja tu, sasa kiingilio umeshalipa kwa nini usikae hata saa moja?

Panda daladala ya Makunduchi au ya Jambiani, mwambie konda akushushe Jozani. Nenda asubuhi au alasiri ndo wanakula sana. Ukifika usihangaike na kundi zima, chagua mama mmoja mwenye kitoto ubaki nae huyohuyo. Simama mbali kidogo, hatua kumi hivi, na kama una mafua jamani usiende, magonjwa yetu yanawaingia.

Anza na mkono. Kidole gumba hana, kimebaki kinundu tu, kwahiyo tawi analivuta na vile vidole vinne kama kulabu. Halafu angalia anachagua nini: majani machanga, vichipukizi, matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba na bakteria wanaochachusha majani, kama la ng'ombe, na ndo maana ndizi mbivu usimpe kabisa, sukari inachacha haraka tumbo linajaa asidi anaumwa. Ukiona anaejaza mashavu mpaka yanatuna, ujue huyo ni kima wa kawaida, punju hana vifuko vya mashavuni.

Usiishie msituni, omba mwongozaji akupeleke pembeni kwenye mashamba maana huko wanakula majani ya miembe na ya miti ya mikungu (ile ya kungu, sio ndizi), yana protini nzuri ila yana kemikali za kusumbua tumbo, sasa wao dawa yake ni makaa! Nilimuona mama mmoja kwenye kisiki kilichoungua kamega kipande anatafuna taratibu, kitoto kiko kifuani, kikanyoosha mkono kikamgusa mdomo, kikavinusa vidole vyake, kikalamba masizi. Mimi nikabaki nimeduwaa, maana wataalamu wanasema hiyo tabia ya makaa inaelekea watoto wanaipata kwa mama zao, na mimi naiona hivihivi mbele yangu.

Mchana jua likiwa kali wanapumzika, na huo ndo muda wa kuangalia malezi. Wenye vitoto vidogo utawaona wamevibeba tumboni, sio mgongoni. Ukiwahi kuwaona mbega weusi kwa weupe wa bara utashangaa, wale kichanga kinapokezanwa kwa majike wengine, punju hampi mtu hovyo. Anazaa mmoja mmoja na mpaka azae tena inapita zaidi ya miaka miwili, kwahiyo kile kimoja ni mali kweli kweli. Baba usijisumbue kumtafuta, kundi lina madume kadhaa na jike hupandwa na zaidi ya mmoja, kwa macho huwezi jua.

Vitoto vilivyokua kidogo vitakuwa vinacheza, vinavutana mikia, vinaanguka, kikilia tu mama anafungua mikono kinarudi kunyonya. Hapo weka simu chini uangalie kwa macho.

Wakati wa kurudi mwambie dereva aende polepole. Matuta yamewekwa pale kwa sababu magari yalikuwa yanawaua sana, na wakivuka usidhani akishapita mkubwa basi wameisha, subirini, wadogo wako nyuma.