Somo: Kwenda Lushoto wikendi na marafiki, ukitokea Unguja

Tangu niwaonyeshe watu picha za Irente, ule ukingo wa mlima karibu na mji wa Lushoto kwenye milima ya Usambara, sina siku inayopita bila kuulizwa mambo yale yale: mlipita wapi, kuna baridi kiasi gani, mlikula nini. Naandika mara moja, na atakayeniuliza tena nitamleta hapa. Nimeshakwenda mara nne, zote na mashoga zangu watatu, wanawake wenzangu niliokaa nao dawati moja skuli. Ni safari ninayoipenda kuliko zote, kwa hiyo someni mpaka mwisho, khasa hatua ya 8.

1. Watu. Wanne au watano, wanaoweza kuambiana "nimechoka" bila ya kununiana.

2. Vitambulisho. Cha Mzanzibari Mkaazi au cha NIDA. Bila ya hicho hupandi boti.

3. Mchango. Unakusanywa wiki mbili kabla na unashikwa na mtu mmoja anayeandika kila kinachotoka. Pigeni hesabu ya boti kwenda na kurudi, basi, malazi, chakula, muongoza njia, na usiku mmoja wa ziada Dar. Huo usiku wa ziada si anasa, nitaueleza.

4. Kwenda. Alhamisi boti ya alasiri, kama saa mbili majini. Mnalala Dar. Ijumaa alfajiri mnakuwa stendi ya Mbezi, na tiketi za basi mmeshazikata. Njia ni Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo. Saa sita mpaka saba pasipokuwa na tabu barabarani.

5. Mombo kwenda juu. Mpaka Mombo njia ni tambarare na joto ni lile lile la kwetu. Hapo gari inaacha barabara kuu na kupanda kilomita thelathini na kitu, kona juu ya kona, mpaka Soni na kisha Lushoto. Anayechafukwa na moyo akae mbele, aangalie njia na simu aiweke mkobani. Msile wali wa kushiba Mombo. Mie hutafuna kipande cha tangawizi mbichi na kinanitosha. Masikio yakiziba, meza mate au piga mwayo. Na msikubali kupandishwa mlima huo usiku na gari ya kukodi, hata dereva aape kuwa anaijua kila kona.

6. Nguo. Lushoto iko kama mita 1,400 juu ya bahari. Mwezi wa sita mpaka wa nane usiku ni baridi ya kweli, na leso moja juu ya baibui haitoshi. Sweta zito, soksi, viatu vya kufunga. Makubadhi yaacheni nyumbani, udongo ule ukiroa unateleza kama sabuni. Wakati wa masika msiende, njia za msituni zinakuwa tope tupu.

7. Mkifika. Ijumaa alasiri pumzikeni, mtembee mjini na sokoni. Mji ni mdogo, una majengo ya zamani ya Wajerumani, ambao waliuita Wilhelmstal kwa jina la mfalme wao. Misikiti ipo na chakula cha halali si tatizo, Wasambaa wengi ni Waislamu.

Jumamosi asubuhi nendeni Irente kwa miguu, kama kilomita sita kutoka mjini, mnapita katikati ya mashamba na nyumba za watu. Salimianeni nao. Ukifika ukingoni, mlima unakatika ghafla. Chini kabisa, karibu mita elfu moja, unaiona ile tambarare mliyopita na basi, mashamba ya mkonge yamepangwa kwa mistari, na gari zimekuwa kama punje za mtama. Mara ya kwanza sote wanne tulikaa chini kimya, na sisi si watu wa kukaa kimya. Msisogee kwenye ncha kwa ajili ya picha, mawe yale hayana uzio wa kuaminika. Mkirudi piteni shamba la Irente, wanauza jibini, mikate na jemu wanazotengeneza wenyewe.

Mwenye nguvu bado aende msitu wa Magamba na muongoza njia. Kuna mbega weusi wenye mabega meupe, hawa si kima punju wetu wa Jozani.

8. Kurudi. Hapa ndipo nilipokosea, na naomba mnisome polepole. Safari yetu ya kwanza tiketi za kurudi nilikata mie: boti ya Jumapili alasiri, ile ya mwisho, mida ya saa kumi. Nilihesabu saa saba za basi, nikaona tukitoka Lushoto saa moja asubuhi tunawahi. Sikuhesabu kuwa basi litasubiri abiria stendi. Sikuhesabu lori lililoanguka kabla ya Chalinze, wala foleni ya kuanzia Kibaha. Sikuhesabu kuwa kutoka Mbezi mpaka bandarini peke yake ni zaidi ya saa nzima. Tulifika Mbezi adhana ya Magharibi inaadhiniwa, na boti imeshaondoka. Mmoja wetu ni mwalimu na Jumatatu ile alikuwa msimamizi wa mtihani. Alipewa barua. Hakunilaumu hata neno moja, lakini miezi miwili hakuwa yule ninayemjua, na nilistahiki.

Kwa hiyo anzeni kuhesabu safari kutoka mwisho wake. Jumapili tokeni Lushoto na basi la kwanza kabisa, na hesabuni kuwa mnalala Dar. Boti kateni ya Jumatatu saa moja asubuhi, saa tatu mko Malindi, bandarini kwetu Unguja. Maana yake mnaomba ruhusa ya Ijumaa na ya Jumatatu asubuhi, au mnangojea wikendi yenye sikukuu. Msimwambie bosi "nitajaribu kuwahi". Mwambieni Jumatatu nitaingia saa tano. Na katika kundi akiwemo mtu ambaye Jumatatu asubuhi hana ruhusa kabisa, badilisheni tarehe kwa ajili yake, msimchukue kwa kubahatisha.

MASWALI

Kijana wa Bububu: Jumla shilingi ngapi?

Jibu: Hatua ya 3. Nauli zinabadilika, ulizia wiki unayokwenda.

Mtoto wa Fuoni: Sisi tunapata Jumamosi na Jumapili tu. Tukiondoka Jumamosi na boti ya saa moja hatuwezi?

Jibu: Saa tatu mko Dar, saa nne na nusu Mbezi kama foleni haipo, na mkipata basi hapo hapo mnapanda mlima jioni inaingia. Asubuhi mnageuza. Hamtaona chochote. Haiwezekani.

Nahodha: Unatisha watu bure. Mie nilitoka Lushoto Jumapili asubuhi na boti ya alasiri niliipata.

Jibu: Nimefurahi kwa ajili yako. Mie sikuipata, na aliyepewa barua ni mwenzangu. Siku njia ikiwa safi utaiwahi, lakini nani anajua Alhamisi kuwa Jumapili njia itakuwa safi? Sibadilishi.

Bint Makunduchi: Dada, niko kidato cha tatu, sina safari bado, nauliza tu. Kwa nini mlimani baridi na ndiko karibu na jua?

Jibu: Mdogo wangu, swali zuri. Jua liko mbali mno, mita elfu moja na mia nne kwake si kitu. Linalotupasha sisi zaidi ni ardhi: jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyo juu yake. Hewa hiyo ikipanda, juu haikandamizwi sana, basi inatanuka, na hewa ikitanuka inapoa. Kwa wastani kila mita 1,000 joto linashuka kama digrii sita na nusu, basi hesabu mwenyewe Lushoto inapungua ngapi kuliko Makunduchi. Siku ukienda chukua pakiti ya krispu za muhogo iliyofungwa, utaiona inavyovimba njiani.

Bint Makunduchi: Digrii tisa! Na mvua je? Mwalimu anasema kule inanyesha sana.

Jibu: Ni upepo wetu huu huu. Unatoka baharini na unyevu wake, unagonga mlima, unalazimika kupanda, unapoa, unamwaga mvua. Ukivuka upande wa pili umeshakauka, ndiyo maana ukisimama Irente ukatazama chini kuelekea Mkomazi unaona nchi kavu, na nyuma yako migomba na kabichi. Mwonyeshe mwalimu wako.

Mpemba wa Wete: Yakhe, wa Pemba umetusahau. Sisi hatuna haja ya kuzunguka Dar. Tanga iko mbele yetu. Ulizeni bandarini siku zenye boti ya Tanga, au vindege vidogo, ni dakika chache hewani. Kutoka Tanga mnapita Muheza na Segera, mnaingia njia ile ile ya Mombo. Mnaokoa nusu ya siku.

Jibu: Ahsante sana kaka, hili sikuliandika na ni kubwa. Ila wa Pemba nao waulize siku ya boti ya kurudi kabla ya kukata ya kwenda.

Mama Wawili: Wanangu wanataka matunda ya kule. Yanafika salama?

Jibu: Plamu na pichi zikiwa msimuni, dada, nunua zilizo ngumu kidogo, zilizoiva zitapondeka kabla ya Korogwe. Mfuko wa plastiki usitumie, zinatoa jasho.

Mpemba wa Wete: Chukueni pakacha kutoka nyumbani. Tandika majani ya mgomba chini, matunda, majani tena. Hewa inapita. Mie nimefikisha peasi mpaka Wete hazina alama.

Mama Wawili: Na mbatata?

Jibu: Mbatata za kule tamu, lakini gunia utalibeba mwenyewe kutoka Mbezi mpaka bandarini. Mie hununua kilo mbili tatu na karoti. Kwenda hujaza mkoba huo huo karafuu na mdalasini, nikampa mama wa nyumba tunayofikia. Mara ya mwisho alizitia kwenye chai ya maziwa jioni ile ile, tukakaa jikoni kwake karibu na moto mpaka saa tano usiku.