Jinsi ya Kusoma Maandishi ya Kirumi Yaliyochongwa Kwenye Mawe

Anayesimama kwa mara ya kwanza mbele ya jiwe la Kirumi huona safu za herufi kubwa zilizobanana, akadhani kwamba bila Kilatini hataambulia kitu. Kumbe sehemu kubwa ya maandishi hayo ni vifupisho vinavyojirudia, na anayevifahamu vichache tu anaweza kujua mtu huyo alikuwa nani na alishika vyeo gani.

Zoea kwanza herufi zenyewe: V hutumika pia mahali pa U, na vitone vya katikati ya mstari hutenganisha maneno. Jiwe likianza kwa D M, ni la kaburi, nalo limewekwa wakfu kwa Dis Manibus, yaani roho za wafu.

Kisha tafuta jina. Raia wa kiume alikuwa na jina la kwanza lililofupishwa (M ni Marcus, L ni Lucius, na C, ajabu kidogo, ni Gaius), likifuatwa na jina la ukoo. Baada ya ukoo ndipo hadhi yake inapojitokeza: L F ni "mwana wa Lucius", maana yake alizaliwa huru, ilhali L L ni "aliyeachwa huru na Lucius", maana yake aliwahi kuwa mtumwa. Ukikuta C iliyogeuzwa ikitangulia L, aliyemwacha huru alikuwa mwanamke.

Maandishi ya makaisari yanahitaji subira zaidi, na mfano mzuri ni ule ulio chini ya Nguzo ya Trajan mjini Roma. Wanaotoa heshima hutajwa mwanzoni, Seneti na watu wa Roma. Anayepewa, TRAIANO, yaani Kaisari Trajan, hutambulika kwa mwisho wa jina lake, -O, unaomaanisha "kwa". DIVI NERVAE F humwita mwana wa Nerva, kaisari aliyemtangulia, aliyefanywa mungu, ingawa Nerva alimwasili tu, mwaka 97. PONTIF MAXIMO ni kuhani mkuu, cheo ambacho Augusto alikitwaa mwaka 12 KK na makaisari waliomfuata wakakishikilia, hata serikali na madhabahu vikawa mkononi mwa mtu mmoja. Kwa tarehe, tegemea TRIB POT, mamlaka ya utribuni (cheo cha kuwatetea raia wa kawaida), kwa kuwa yalihesabiwa upya kila mwaka: XVII (ya 17) ya Trajan huanzia Desemba 112 hadi Desemba 113. COS, yaani konsuli, cheo cha juu cha uongozi wa Roma, haisaidii sana, maana ukonsuli aliushika mara 6 tu maishani mwake.

Hata hivyo, usiliamini jiwe upesi. Juu ya Pantheon, hekalu lililoko Roma, imeandikwa kwamba Marcus Agrippa, mwana wa Lucius, konsuli kwa mara ya tatu, ndiye aliyeijenga, na ukonsuli huo ulikuwa wa mwaka 27 KK. Lakini jengo linaloonekana leo ni la karne ya 2, na lilikamilishwa chini ya Kaisari Hadrian, ambaye hakuliweka jina lake. Kilichofichua hayo ni mihuri iliyopigwa kwenye matofali ya kuta zake, inayoonyesha wakati yalipotengenezwa.