Mambo ya kuzingatia kabla hujaanza kujijengea fensi au geti la vibao vya alumini

Fensi ya vibao vya alumini watu wanaipendea muonekano, na kweli ikitoka vizuri inapendeza, ila ukichunguza zile zilizoharibika mapema utakuta shida ilianza kabla hata kibao cha kwanza hakijakatwa. Mtu anakaa wiki nzima anachagua rangi, iwe nyeusi au ya mkaa, alafu nguzo na geti anakuja kuvifikiria siku mzigo umeshafika. Mi ningesema geuza mpangilio: anza na nguzo na geti, vibao viwe vya mwisho kukuumiza kichwa, manake vibao ndo kazi rahisi kuliko zote.

Mambo ya mpaka na kibali tusiyapigie kelele sana, kila mtu anajua, ila yafanye kweli. Kaeni na jirani mkubaliane mstari uko wapi kabla hujachimba, ulizia kama kuna kikomo cha urefu hasa upande wa barabara na pale gari linapotokea, na ujue chini ya ardhi kumepita nini, maji, umeme, maji taka. Jembe likikata bomba la maji siku imeharibika, likikata waya wa umeme hiyo ni habari nyingine kabisa.

Sasa upepo. Hapa ndo wengi wanajidanganya, wanasema fensi yenyewe ina nafasi kati ya kibao na kibao kwa hiyo upepo unapita tu. Piga hesabu kidogo. Chukua kibao cha upana wa milimita 65 na nafasi ya milimita 9, vipimo vya kawaida kabisa. Katika kila milimita 74, uwazi ni hizo 9 tu, yaani kama asilimia 12, zilizobaki zote ni tanga la jahazi. Hata ukifungua nafasi mpaka milimita 20 uwazi haufiki robo. Upepo wa mita 30 kwa sekunde, ambao ni kilomita 108 kwa saa, unasukuma kama kilo 56 kwenye kila mita moja ya mraba, kwa hiyo paneli ya mita 1.8 kwa mita 1.8 inapokea msukumo wa kilo 180 hivi, na wote unaishia sehemu moja, pale nguzo inapoingia ardhini. Kwa hesabu hiyo nguzo ya milimita 50 kwa 50 yenye ukuta wa milimita 2 inapinda. Ya 65 kwa 65 yenye ukuta wa milimita 3 inabeba na inabaki na akiba. Kwa macho tofauti yao ni ndogo, ukiziona zimesimama pamoja utasema si ni zilezile tu, lakini uwezo wa kukataa kupinda wa hiyo kubwa ni zaidi ya mara mbili.

Kama bajeti inakulazimisha nguzo nyembamba basi zisogeze karibu karibu, au punguza urefu wa fensi, na hapa kwenye urefu ndo kuna faida kubwa: ukishusha kutoka mita 1.8 mpaka 1.2, yaani umepunguza theluthi moja, mzigo kwenye shina la nguzo unashuka chini ya nusu. Na usilinganishe na chuma ulichozoea. Alumini ina uzito kama theluthi ya chuma, sawa, ila pia inanesa mara tatu ya chuma kwa tyubu ya kipimo kilekile. Ukienda kununua uliza ni aloi gani, yaani mchanganyiko gani wa alumini, na imekomazwa kiasi gani kwa joto, nyingi za fensi ni aloi namba 6063, na ileile ikiwa imekomazwa kiwango cha T6 ina nguvu kuliko T5. Muuzaji akishindwa kujibu hilo angalau pima unene wa ukuta mwenyewe kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene, usikubali maneno ya "hii ni nene bosi".

Mashimo. Kwa fensi ya mita 1.8 juu ya ardhi usiende chini ya sentimita 60, na kama udongo ni wa kichanga, au nguzo ni ya geti, shuka zaidi, 80 au 90. Upana wa shimo uwe kama mara tatu ya nguzo au zaidi. Chini weka kokoto sentimita 10 maji yapate pa kwenda. Shimo la kipenyo cha sentimita 25 lenye kina cha 60, ukitoa hizo kokoto, linakula kama lita 25 za zege, kwa hiyo zidisha kwa idadi ya nguzo ujue simenti, mchanga na kokoto mapema badala ya kukimbizana katikati ya kazi huku zege linaanza kukaza kwenye karai. Uwiano wa 1 kwa 2 kwa 4, simenti kwa mchanga kwa kokoto, unatosha kabisa.

Kuna kitu hapa wengi hawakijui: zege bichi lina ukali wa chokaa na linaila alumini. Kwa hiyo ile sehemu ya nguzo itakayozama ipake lami ya kupaka kwanza, ipande mpaka sentimita 5 hivi juu ya usawa wa ardhi, ikauke kabisa ndo usimike. Juu ya zege tengeneza kamteremko maji yakimbie nguzo, yasituame pale shingoni. Na kofia za nguzo zinunuliwe mapema, sio "nitaweka baadae", nguzo ikikaa wazi mvua mbili tatu ni bomba la maji hilo.

Simika nguzo za mwisho mbili kwanza, vuta uzi, ndo uje za katikati, pima maji pande mbili za kila nguzo. Alafu acha. Vibao vinaweza kuanza siku ya tatu, geti lisubiri wiki, na ujue zege linafikia nguvu yake kamili kama siku ya 28 kwa hiyo usiruhusu watoto kubembea kwenye geti kabla ya hapo. Hapa ndo subira inapowashinda watu, wanataka kukata vibao siku ileile kwa kufuata mchoro. Usikate. Mchoro unasema mita 1.8 kutoka nguzo hadi nguzo lakini nguzo yenyewe imekaa 1.794 juu na 1.803 chini, ni kawaida tu. Subiri zikaze, pima kila nafasi juu, katikati na chini, chukua kipimo kidogo kuliko vyote, ndo ukate kwa hicho, kila paneli na kipimo chake, uandike kwa kalamu ya maka kwenye nguzo yenyewe.

Na kibao kisijae kubana. Alumini inatanuka kwa joto, kila mita moja inaongezeka kama milimita 0.023 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ni kidogo kusikia lakini kibao cha mita 2.4 kikipanda nyuzi 40 kutoka asubuhi ya baridi mpaka jua la saa nane, na cheusi kinapanda kweli, kinaongezeka zaidi ya milimita 2. Ukikibana pande zote mbili kitatafuta pa kwenda, na kitapinda kama upinde. Acha milimita 3 kila upande, chaneli ya pembeni, ile reli ya kwenye nguzo ambamo ncha za vibao zinaingia, inaficha hiyo nafasi, tena hiyohiyo ndo inakusitiri hata mkato wako ukiwa haujanyooka sana. Kuhusu urefu wa kibao chenyewe, vile vyembamba vya ukuta wa milimita 1.2 vikipita mita 2 vinaanza kushuka tumbo, hapo panga nguzo ya katikati au kishikizo cha kati toka mwanzo.

Idadi ya vibao ina kanuni yake nyepesi: urefu wa paneli jumlisha nafasi moja, gawanya kwa kibao jumlisha nafasi. Kwa milimita 1800 na vibao vya 65 na nafasi ya 9 unapata 24 na ushee, kwa hiyo vibao 24, vinakula 1767, zinabaki 33. Hizo 33 amua mapema zinaenda wapi. Unaweza kuziacha chini, au ushushe fremu kidogo zisionekane, ila usizigundue jioni ukiwa umebakiza kibao cha mwisho mkononi hakiingii. Kiwanja chenye mteremko nacho kinataka uamuzi kabla, paneli za ngazi ngazi ni rahisi lakini zinaacha pembetatu chini ambako mbwa anapita bila hodi, kwa hiyo fikiria utaziba na nini.

Nyumba yenye bwawa la kuogelea au watoto wadogo, tafadhali vibao visimame wima. Vilivyolala ni ngazi tosha kwa mtoto wa miaka mitatu. Sehemu nyingi zina sheria kali za fensi za bwawa, uisome ya kwako kwanza kabla ya kununua chochote, na geti lake lifunguke kuelekea nje ya bwawa na lijifunge lenyewe.

Tuje kwenye geti. Vipimo kwanza: upande wa bawaba acha kama milimita 20 kutegemea na bawaba zenyewe, upande wa komeo 15, chini 50, kwa hiyo uwazi wa milimita 1000 unakupa geti la 965, sio 1000. Nunua bawaba na komeo KABLA ya kukata fremu, shika mkononi, pima, kwa sababu bawaba zingine zinataka nafasi kubwa kuliko hiyo. Angalia ardhi pale geti linapofungukia, kama inapanda kuelekea ndani geti litakwama katikati ya safari, basi ligeuze lifunguke upande mwingine au uinue. Geti la mita 1 kwa 1.8 la vibao 24 lina vibao vya kilo 12 hivi peke yake, ukiongeza fremu na vyuma vyake unakaribia kilo 20, mzigo mdogo ukilinganisha na geti la chuma lakini unaning'inia upande mmoja saa zote.

Kwa hiyo fremu lazima iwe na kona ngumu. Kuchomea alumini kunataka mashine yake na gesi ya agoni na mkono uliozoea, na kunaunguza rangi ya poda, ile inayopuliziwa ikiwa unga kisha ikaokwa, na kulainisha alumini karibu na mshono, hivyo kwa anayejijengea mwenyewe mi napendelea viunganishi vya kona vya kubana na skrubu. Kabla ya kukaza mwisho pima kona kwa kona, vipimo viwili viwe sawa. Ukiongeza kipande cha mshazari cha tyubu, kianzie chini upande wa bawaba kiende mpaka juu upande wa komeo. Ukitumia waya wa kuvuta ni kinyume chake, juu kwenye bawaba kwenda chini kwenye komeo. Mageti mengi yaliyolala ukiyaangalia kipande kimewekwa kichwa chini.

Bawaba zenyewe usizifunge kwa skrubu za kujitoboa kwenye ukuta wa milimita 2, pale skrubu inashika uzi mmoja au miwili tu, miezi ikipita tundu linakuwa limelegea. Tumia bolti za kupita kabisa mpaka upande wa pili, au nati za ribiti zile zinazobanwa ndani ya tyubu. Vifungio vyote viwe stenlesi, na karibu na bahari chukua daraja la 316, linalovumilia chumvi zaidi, na uweke washa ya nailoni kati yake na alumini, metali mbili tofauti zikikutana na chumvi moja inaliwa, na hapa inayoliwa ni alumini. Shaba na chuma cha kawaida visiguse kabisa.

Vifaa havina makuu: msumeno wa kukatia pembe wenye diski ya meno mengi, 80 mpaka 100, iliyoandikwa ya alumini. Diski ya grinda ya kukatia chuma hapana, inaziba, inachafua mkato, na cheche za chuma zikitua kwenye rangi zinaacha vidoa vya kutu ambavyo utadhani ni alumini imepata kutu. Bana kipande kwa klempu, weka mafuta kidogo au nta kwenye meno, vaa miwani na kinga za masikio, glavu zivuliwe ukiwa kwenye msumeno. Ncha zote piga tupa, zinakata vidole kuliko unavyofikiri, alafu gusa mkato na rangi.

Mzigo ukifika hesabu kila kitu siku hiyohiyo. Laza vibao juu ya mbao, visiguse sakafu ya zege, visikae na maji katikati yao, na ile nailoni ya kulinda rangi usiiache juani, ikiiva haitoki. Agiza vyote kwa mkupuo mmoja pamoja na ziada ya asilimia 10, kwa sababu rangi ya poda ya mkupuo mwingine inaweza kupishana kidogo, na ukipata paneli mbili zenye weusi tofauti jua la mchana litakuonyesha kila siku. Ziada ikibaki iweke stoo imelala, gari likirudi nyuma vibaya siku moja una kibao cha rangi ileile cha kubadilisha.