Kabla ya kuanza Septrin: ya kusema, ya kuuliza na ya kuhesabu

Pale dirishani CTC, kliniki ya matibabu ya VVU, mtu akikabidhiwa ARV, dawa za kufubaza virusi, huhesabu makopo moja moja. Akipewa Septrin, antibayotiki ya kumkinga mwenye VVU na maambukizi mengine, huitumbukiza mkobani bila kuitazama. Ni dawa ya zamani, bei yake ndogo, na karibu kila nyumba imewahi kuimeza kwa kikohozi au kuharisha, basi heshima imeshuka. Lakini utafiti wa Abidjan uliotolewa mwaka 1999 ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa kifua kikuu wenye VVU, dawa hii ilipunguza vifo karibu nusu. Mwaka 2004 Zambia nayo ikatoa matokeo ya watoto: vifo vilipungua kwa asilimia 43. Hapo ARV zilikuwa bado hazijawafikia wengi.

Inazuia nimonia ile inayowavizia wenye CD4 (chembe za kinga ya mwili) za chini, vimelea vya toksoplasma vinavyoshambulia ubongo, baadhi ya bakteria wa mapafu na tumbo, na kwa kiasi fulani malaria. VVU vyenyewe haivigusi, kwa hiyo ARV zinaendelea kama kawaida.

Kabla ya kidonge cha kwanza, fikiria salfa. Septrin ni dawa mbili ndani ya kidonge kimoja, na mojawapo ni salfa, ndugu wa ile iliyomo kwenye Fansidar na Metakelfin. Kama enzi zile ulimeza vidonge vya malaria ukatoka malengelenge, midomo ikafanya vidonda, macho yakawaka au ngozi ikababuka, sema kabla hujaandikiwa. Usingoje kuulizwa, siku yenye foleni ndefu swali hilo linaweza kurukwa. Hata kama hujawahi kupata shida, chunguza ngozi yako wiki za mwanzo. Upele ukitokea, rudi kituoni uonwe. Ukiambatana na homa, vidonda vya mdomo au malengelenge, acha dawa na uende siku hiyo hiyo. Kuna watu hujikaza wakidhani mwili unazoea, na hilo ndilo linalowafikisha wodini. Asiyeweza kutumia Septrin anaweza kupewa dapsoni, ambayo nayo ina masharti yake.

Taja pia ugonjwa wa figo au ini, upungufu wa damu, na dawa nyingine unazotumia, hasa warfarini ya kuzuia damu kuganda.

Mama mjamzito ana mtego wake, nao nauona mzito kuliko yote. Kliniki ya wajawazito hugawa SP ya kukinga malaria, na humezwa pale pale mbele ya muuguzi. SP ni salfa. Anayekunywa Septrin kila siku hapaswi kupewa SP juu yake. Sasa mama amekaa kwenye benchi na majirani zake, kikombe cha maji mkononi, atasemaje? Mwombe muuguzi mzungumze pembeni kidogo, au fika mapema kabla watu hawajajaa. Septrin usiiache, na chandarua usikiache.

Halafu hesabu. Kipimo cha kawaida cha mtu mzima ni miligramu 960 kwa siku, mara moja. Vidonge vilivyozoeleka ni vya 480, kwa hiyo ni viwili, na mwezi mmoja unahitaji 60. Ukipewa vya 960, ni kimoja tu. Soma namba kwenye pakiti kila unapochukua, maana pakiti za mwezi huu si lazima zifanane na za mwezi uliopita. Linganisha pia tarehe: unaweza kupewa ARV za miezi mitatu au sita, Septrin ikatoka ya mwezi mmoja. Uliza palepale utaifuata lini, badala ya kugundua vidonge vimeisha ukiwa shambani au safarini.

Kituo kikiishiwa, Septrin huuzwa hata kwenye duka la dawa muhimu. Taja jina lake la kitaalamu, kotrimoksazoli, onyesha kipimo ulichoandikiwa na uangalie tarehe ya kuisha. Muuzaji akikwambia chukua amoksilini, zote ni antibayotiki, mkatalie. Hiyo haizuii nimonia ninayoisema hapa. Wala usigawane dozi na mwenzako ili ifike mwisho wa mwezi. Rudi na pakiti tupu kliniki waandike ulichotumia.

Swali la kuacha huja virusi vikishafubaa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO) wa 2014 unaruhusu kusimamisha kwa mtu mzima aliye imara kwenye ARV, CD4 zikiwa juu ya 350, lakini penye malaria nyingi unapendekeza kuendelea. Uganda na Zimbabwe, watoto waliokuwa kwenye ARV muda mrefu wakasimamishiwa Septrin walilazwa hospitali zaidi kuliko walioendelea. Kwa hiyo usiache kwa sababu tu unajisikia vizuri. Muulize mtoa huduma wako.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU huanzishiwa wiki ya nne hadi ya sita, na huendelea mpaka aache kunyonya na kipimo cha mwisho kithibitishe hana maambukizi. Kipimo chake hufuata kilo, na kilo zake hubadilika haraka, kwa hiyo apimwe uzito kabla hujapokea pakiti mpya.